Siku 611 bila kuzima seva: jinsi kijana wa fildi alivyoniumbua kwa ng'ombe mchafu

#1 Fundi_Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Upepo wa Dodoma leo umenifungia ndani, vumbi hadi kwenye chai, basi acha niandike kile nilichoahidi kwenye ule uzi wa kutambiana seva ya nani imekaa siku nyingi bila kuzimwa. Mmoja alisema 300, mwingine 900. Na mimi nilikuwa wa ukoo huo. Niliacha, na sababu ni hii.

Mwaka 2018, mwezi wa pili, nilikuwa naangalia seva ya chuo kimoja kidogo hapa mjini. Jina la chuo halina kazi, kosa lilikuwa langu. Ilikuwa Ubuntu 16.04, mfumo wa Linux, niliisimika mwenyewe Juni 2016, na wanafunzi kama sitini walikuwa na akaunti humo za kujifunzia programu. Nilikuwa nimeunga inveta na betri mbili kubwa, umeme ukikatika usiku mashine haishtuki. Nikiandika uptime, amri ya kuuliza imekaa muda gani bila kuzimwa, inanijibu siku 611, najisikia kama nimefuga ng'ombe wa kupewa zawadi Nanenane pale Nzuguni.

Na msinione mvivu. Kila mwisho wa mwezi nilishusha viraka vyote, yaani marekebisho ya makosa ya programu, sikuruka hata mwezi mmoja. Kila nikiingia mashine iliniandikia kwamba inahitaji kuwashwa upya. Nikayazoea yale maandishi, kama mabango ya wagombea wa uchaguzi uliopita: yapo ukutani, huyasomi.

Akaja kijana wa fildi, mpole, haongei. Siku ya nne ananiambia: "Kaka, samahani, naomba nikuonyeshe kitu kidogo." Akaingia kwa akaunti yake, ya kawaida kabisa, haina ruhusa yoyote ya maana. Kuna faili la maneno ya kumkaribisha mtumiaji, mali ya ruti (akaunti yenye mamlaka yote kwenye mashine), wengine wote ni kulisoma tu. Akaendesha kiprogramu chake, sekunde mbili tatu. Tukalifungua lile faili. Palipokuwa pameandikwa "Karibu" pameandikwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo.

Nilihisi tumbo linashuka. Nikamwambia haiwezekani, viraka vyote vimo. Akaniuliza kwa upole uleule: "Vimo wapi, kaka?"

Akaandika uname -r, amri ya kuuliza ni kerneli gani inayokimbia, yaani ile programu ya kati inayotawala mashine nzima. Ikaja 4.4.0-21. Kerneli ileile iliyokuja kwenye diski ya kusimikia. Kisha akafungua saraka ya boot: kerneli mpya zimejipanga foleni, namba zimeshapita mia, zote zimelala. Kiraka cha tatizo alilolitumia kijana, kwa Ubuntu 16.04, kilitoka Oktoba 2016 na kerneli ya 4.4.0-45. Nilikishusha mapema tu. Kikakaa kwenye diski miezi kumi na sita, kama chandarua ambacho hujakitoa kwenye pakiti, na wewe unalala unashangaa malaria imetoka wapi.

Kerneli inapakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka. Ukibadilisha faili lake kwenye diski, ile inayokimbia haijui habari hizo. Zile siku 611 nilizokuwa najisifu nazo zilikuwa siku 611 za kerneli ya zamani.

Nikipata nafasi nitaeleza tatizo lenyewe lilivyo. Ni tamu.

#2 zabibu_kavu

Nimeweka kiti na korosho. Ila mkuu kichwa cha habari kinasema ng'ombe mchafu, humu ndani sijamuona. Ni wa mnada wa Msalato au?

#3 Mjukuu_wa_Mtemi

Mbukwa 😂😂 huyo kijana ni Mgogo halisi. Mbukwenyi wote.

#4 Fundi_Nkuhungu

@zabibu_kavu ng'ombe ni jina. Tatizo linaitwa Dirty COW, namba yake rasmi CVE-2016-5195, likatangazwa 19 Oktoba 2016. COW ni herufi za mwanzo za utaratibu wa kerneli wa kutoa nakala pale tu mtu anapotaka kuandika. Waliotunga jina wakaona herufi zinasomeka ng'ombe, wakamchorea hadi picha.

Sasa twende kazini. Sitaweka kodi humu, msiniombe inbox.

Chukua ofisi yenye rejista moja kubwa. Ruhusa yako ni kusoma. Ukisema "nataka kuandika, lakini kwenye nakala yangu", karani hana tabu: anatoa fotokopi ya ule ukurasa, unachorachora utakavyo, rejista haiguswi. Na karani wetu anabana matumizi. Hatoi fotokopi mpaka mtu aseme anaandika. Kabla ya hapo nyote mnasomea ukurasa mmoja wa asili. Hapo hakuna ubaya, mashine zote za kisasa zinaishi hivyo, la sivyo kumbukumbu ingejaa asubuhi.

Ubaya uko hapa. Karani ana kikaratasi pembeni: "huyu anataka kuandika". Akishatoa fotokopi anakichana kile kikaratasi, kwa hoja kwamba suala la kuandika limekwisha, nakala iko mezani, kilichobaki ni kugeuka na kuichukua. Kati ya kuchana kikaratasi na kuichukua nakala kuna upenyo mdogo sana.

Kwenye upenyo huo anapita ndugu yako, mmekuja wawili kwa makusudi, anasema: "Ile fotokopi yetu hatuihitaji tena, tupeni." Inatupwa. Ni haki yenu, ni nakala yenu. Karani anageuka, mezani hakuna kitu. Anaanza upya kutafuta ukurasa, anatazama kikaratasi: hakuna. Aah, kumbe huyu ni msomaji tu. Anampa ukurasa wa asili.

Na wewe kalamu unayo mkononi tangu mwanzo.

Karani ni kerneli, rejista ni faili, ukurasa ni kipande chake kwenye kumbukumbu. Ndugu wawili ni nyuzi mbili za programu moja, maana hata kwenye kompyuta kuna nyuzi kama huku jukwaani. Uzi mmoja unaandika kupitia /proc/self/mem, mlango wa programu kwenye kumbukumbu yake yenyewe, wa pili unaita madvise bila kupumzika, ukisema kurasa hizi tupa. Kikaratasi ni alama inayoitwa FOLL_WRITE. Dawa waliyoweka haikuwa kubwa: acha kuchana kikaratasi. Wakaongeza alama nyingine, FOLL_COW, na kabla ya kutoa ruhusa kerneli inahakikisha kwamba ukurasa ulioshikwa kweli ni nakala.

#5 Kisasa_Mtandao

Mkuu nakuheshimu lakini hapo kwenye upenyo unatutisha bure. Prosesa inafanya mambo mabilioni kwa sekunde. Huo upenyo ni wa muda gani? Uwezekano wa ndugu kupita hapohapo ni sawa na kushinda bahati nasibu. Katika maisha halisi haitokei.

#6 Fundi_Nkuhungu

@Kisasa_Mtandao bahati nasibu unalipia tiketi. Hapa tiketi ni bure. Wakichelewana, kinachotokea ni kwamba umeandika kwenye fotokopi yako, jambo halali kabisa, hakuna kosa, hakuna onyo, hakuna kitu kwenye logi, lile daftari la matukio ya mashine. Unarudia. Mfano mtu anavuka barabara ya Dar pale kwenye malori, akigongwa haumii, anarudi pembeni anajaribu tena, maelfu ya mara kwa dakika. Utamwekea dau kwamba hatavuka?

Kijana wangu alivuka kwa sekunde tatu.

#7 Binti_Kondoa

Niongezee hapo kwa @Kisasa_Mtandao, maana hoja yako si ya kijinga. Aliyewahi kuwa nayo ni Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux.

Hili kosa ni la kale. Torvalds aliandika kwenye maelezo ya kiraka cha 2016 kwamba alikuwa ameshajaribu kulitibu miaka kumi na moja nyuma, na kwamba alilitibu vibaya. Kisha ile tiba ikaondolewa, kwa sababu ilileta shida kwenye s390, zile mashine kubwa za IBM. Likaachwa. Wakati ule likionekana ni resi (kazi mbili kupishana vibaya kwa wakati) ya kinadharia tu, ya kwenye karatasi. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, sehemu ya kerneli inayogawa kumbukumbu ikaboreshwa iweze kuhudumia kazi nyingi kwa mpigo, na resi ya kwenye karatasi ikawa rahisi kuitokeza. Hayo ni maneno yake mwenyewe kwa ufupi.

Kwa hiyo upenyo haukuwa na upana uleule siku zote. Uboreshaji wenyewe uliupanua. Hilo mimi ndilo lililonikaa kichwani kuliko hata ruti.

Kerneli zenye tatizo zinahesabiwa kuanzia 2.6.22 ya mwaka 2007. Miaka tisa, kila mtu anaweza kuisoma kodi, iko wazi. Wanaosema "Linux iko salama kwa sababu macho ni mengi", macho yalikuwepo. Yalikuwa yanatazama kwingine.

#8 zabibu_kavu

Na nani alimkamata ng'ombe sasa kama logi haisemi kitu?

#9 Binti_Kondoa

@zabibu_kavu anaitwa Phil Oester. Alikuwa na tabia ya kurekodi maombi yote ya wavuti yanayoingia kwenye seva zake, siyo muhtasari, mzigo mzima. Seva ikavamiwa, akarudi kwenye rekodi, akaichomoa humo programu ya mvamizi na kuijaribu. Maana yake ni kwamba kuna watu walikuwa wanaitumia kabla hata ya kutangazwa. Hatukuipata kwa kusoma kodi, tulimpora mwizi ufunguo wake.

#10 Shemeji_wa_Manyoni

Mbona hii nimeielewa kirahisi, ni viwanja vya Dodoma hivi! Karani anatazama kitabu saa tatu, kiwanja kiko wazi. Anaenda kutafuta muhuri. Karani wa dirisha la pili naye anatazama, bado kiko wazi. Saa nne watu wawili wana barua ya kiwanja kimoja, na kila mmoja ameshamwaga tofali. Mimi yalinikuta, nilikula hasara ya kokoto lori mbili. Nilivyoambiwa "ni bahati mbaya" nilicheka kwa uchungu.

#11 Fundi_Nkuhungu

@Shemeji_wa_Manyoni pole sana. Wako ni mfano mzuri wa resi kwa ujumla: kukagua ni hatua moja, kutenda ni hatua nyingine, katikati dunia inageuka. Lakini Dirty COW ina kitu cha ziada, usizichanganye. Kwenye kiwanja makarani wote wawili walikagua vizuri, taarifa ikachakaa mkononi. Kwenye ng'ombe, karani alilazimika kurudia kazi, na aliporudia akawa ameshasahau umekuja kufanya nini. Tatizo ni kile kikaratasi.

Dawa nazo zinatofautiana. Kiwanja unaweka kufuli: anayeshika kitabu ashike na muhuri, wengine wasubiri. Ng'ombe hakuponywa kwa kufuli.

#12 Shemeji_wa_Manyoni

Kufuli ipo, ila kitabu kikishikwa na mmoja foleni inafika barabarani.

#13 Fundi_Nkuhungu

Hahaha na hiyo ndiyo kazi nzima ya watu wa kerneli, umeimaliza kwa sentensi moja. Kufuli nyingi foleni, kufuli chache ng'ombe.

#14 Chang'ombe_Boy

Nyie watu wa Linux mnajitesa. Mimi mashine yangu ya zamani, prosesa yake ina kori moja tu, yaani sehemu moja tu ya kufanyia kazi. Nyuzi mbili haziwezi kukimbia kwa wakati mmoja. Niko salama, endeleeni.

#15 Binti_Kondoa

Kaka, kori moja haina maana kwamba kazi moja inamalizika ndipo nyingine ianze. Zinapokezana. Kerneli inamweka huyu pembeni katikati ya shughuli, inampa yule zamu, inarudi. Na kwenye kitanzi kilekile cha kutafuta ukurasa kuna mahali kerneli yenyewe inasema "kama kuna mwenye zamu, apite". Mpishi akiwa mmoja mwenye masufuria mawili, chumvi bado inaweza kuingia mara mbili.

#16 Fundi_Simu_Majengo

Naona mnaongelea seva tu. Android ndani yake ni kerneli ya Linux. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Trend Micro iliripoti kirusi cha simu kinaitwa ZNIU, kilikuwa kinapanda huyuhuyu ng'ombe ili kipate ruti. Watu walishusha programu za hovyo, wakakaribisha ugeni.

Pale sokoni naletewa simu za mkononi mwa tatu mwa nne. Ukienda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kuna tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ya kabla ya Novemba 2016, kuna uwezekano mkubwa huyo ng'ombe yumo bado. Mteja namwambia, ananijibu: "Wewe nibadilishie kioo." Nabadilisha kioo.

#17 Kisasa_Mtandao

Sawa, hapo kwenye kurudia nimekubali, nilikosea. Lakini sasa nina swali la kweli. Seva ya ofisini ni CentOS 7, Linux ya aina nyingine. uname -r inatoa 3.10.0 na mkia mrefu. Nimesoma kwamba kiraka kimeingia 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26. Mimi niko 3.10. Ina maana niko uchi?

#18 Mjukuu_wa_Mtemi

Uko uchi mkuu. 3.10 ni ndogo kuliko 4.4. Hesabu ya darasa la pili.

#19 Fundi_Nkuhungu

@Mjukuu_wa_Mtemi hapana, hapo utamfanya mtu avunje seva nzima bure.

Hizo namba tatu ni za kerneli asilia, ile inayotoka kwa Torvalds na wenzake. Red Hat, CentOS, Debian, Ubuntu hawaendi hivyo. Wanachagua kerneli moja, wanakaa nayo miaka, na kila tatizo likitokea wanachukua kiraka peke yake na kukishonea kwenye nguo ya zamani. Namba ya mbele haibadiliki, mkia ndio unasogea. Kwa CentOS 7 kiraka kiliingia kwenye 3.10.0-327.36.3. Kwa CentOS 6 ni 2.6.32-642.6.2. Ubuntu 14.04 ni 3.13.0-100. Ukiwa sawa na hapo au juu yake, ng'ombe huyu hayumo.

Kwa hiyo @Kisasa_Mtandao usitazame 3.10, tazama mkia. Ila CentOS 7 yenyewe ilikatiwa huduma 30 Juni 2024, mkia hausogei tena. Una shida nyingine, siyo hii.

Na narudia tena nilichokuja kusema: mkia unaotazama uwe wa uname -r, wa kerneli inayokimbia. Usiniletee orodha ya ulichosimika. Mimi orodha yangu ilikuwa safi kabisa.

#20 Kisasa_Mtandao

Nimetazama. 3.10.0-1160. Nimepumua. Sasa hivi siku ngapi haijazimwa sisemi.

#21 nusu_shilingi

Mbona hamjajibu kwa nini yule kijana aliandika Mbukwa, asiandike "seva hii ni yangu"? Mimi ningejimwaga.

#22 Fundi_Nkuhungu

Swali zuri kuliko yote humu. Hesabu herufi. Karibu, sita. Mbukwa, sita.

Kwa njia ile unaandika juu ya ukurasa wa faili uliopo tayari kwenye kumbukumbu. Huwezi kulirefusha faili. Unafuta herufi na kuweka herufi, kama mtu anayebadilisha tarakimu kwenye cheti. Lakini usidharau. Kuna mafaili ambayo herufi chache zinatosha, na kuna programu ambazo mtu yeyote akiziita zinakimbia kwa mamlaka ya ruti. Ukipaka rangi ndani yake, umeshaingia chumba cha ndani. Kijana alijua. Alichagua salamu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kunifundisha.

#23 Mwl_Kibaigwa

Habari za jioni vijana. Nimesoma uzi wote, mengine yamenipita lakini rejista nimeielewa, maana ya mahudhurio nashika kila siku. Mimi ni mwalimu huku Kibaigwa. Tuna chumba cha kompyuta, seva moja tulipewa msaada, wanafunzi wanaingia humo na paswedi zao. Haina intaneti ya kudumu. Nimeandika hiyo amri yenu, imetoka 3.13.0-32. Nina haja ya kuogopa?

#24 Binti_Kondoa

Shikamoo mwalimu. Hiyo ni Ubuntu 14.04, na 32 iko chini ya 100. Ng'ombe yumo, na ndugu zake pia.

#25 Mwl_Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Lakini si haina intaneti? Mwizi anatokea wapi?

#26 Binti_Kondoa

Mwalimu, kosa hili halihitaji mtu wa mbali. Linamhitaji mtu ambaye tayari ana akaunti kwenye mashine, hata ndogo kiasi gani. Yaani hasa wanafunzi wako. Wa kidato cha tatu wanapata muda mwingi kuliko wahandisi.

#27 Fundi_Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Suluhisho la kweli ni kusimika toleo jipya wakati wa likizo; hiyo 14.04 ilikwisha huduma ya kawaida Aprili 2019. Kwa sasa, ukipata modemu na bando la kutosha, shusha viraka vilivyopo, hifadhi kwanza kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje, kisha uwashe upya. Hiyo ya mwisho usiiruke, utakuwa mimi.

Kuna teknolojia ya kubandika kiraka kwenye kerneli inayokimbia bila kuzima. Canonical, wenye Ubuntu, walitangaza huduma yao ya Livepatch 18 Oktoba 2016, siku moja kabla ya ng'ombe kutangazwa, sijui nani aliwaambia. Ila inataka intaneti na ilianzia 16.04, kwako haifai.

#28 Kisasa_Mtandao

Na kontena je? Mtu akisema kila mwanafunzi nimfungie kwenye kontena lake?

#29 Fundi_Nkuhungu

Kontena ni vyumba vya nyumba moja, dari moja. Kerneli ni ileile ya mwenyeji. Ng'ombe akipita darini anatua chumba chochote, na watu walishaonyesha kwamba inawezekana kutoka nje ya kontena kwa kosa hilihili.

#30 Binti_Kondoa

Kabla uzi haujapoa: msidhani iliishia 2016. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba kiraka chenyewe kiliacha pengo kwenye kurasa kubwa, zile zinazounganishwa kupunguza kazi. Ikapewa CVE-2017-1000405, wakaiita Huge Dirty COW. Kwa hiyo kosa moja: tiba mbovu, tiba ikaondolewa, tiba nzuri, tiba ikashonewa tena. Na resi nyingine zisizohusiana nalo zilishapita, kama CVE-2014-0196 kwenye sehemu ya vituo vya maandishi, na CVE-2016-8655 kwenye soketi za pakiti. Zote mbili zilikuwa zimelala humo miaka.

Ila watu wanaichanganya na Dirty Pipe, kosa lingine la kerneli la 2022. Ile siyo resi. Hakuna mbio pale, ni alama iliyosahaulika kufutwa, inafanya kazi mara ya kwanza kila mara. Jina tu ndilo la ukoo mmoja.

#31 Mwl_Kibaigwa

Vijana, nimefuata maelekezo. Jana nilinunua bando, nikashusha, yalichukua usiku kucha. Kazi za wanafunzi nimezihifadhi. Leo saa mbili nimewasha upya. Sasa skrini ni nyeusi ina maandishi mengi, ya mwisho yanasema kernel panic na unable to mount root fs. Nina kipindi saa nne.

#32 Mjukuu_wa_Mtemi

😬

#33 Fundi_Nkuhungu

Mwalimu usiogope, data ipo. Kerneli mpya imeingia nusunusu, inakosa lile faili la kuanzia. Zima. Washa, na papo hapo shikilia kitufe cha Shift. Itakuja orodha. Ingia kwenye Advanced options, chagua ile ya zamani, 3.13.0-32. Ikiwaka andika df -h uniambie diski imebaki kiasi gani.

#34 Mwl_Kibaigwa

Imewaka na ya zamani. Diski inasema 100%.

#35 Fundi_Nkuhungu

Ndiyo hivyo. Ilikosa nafasi ya kuandika. Tafuta kilichojaza. Anza na saraka za wanafunzi.

#36 Mwl_Kibaigwa

Nimekuta filamu. Filamu za Kikorea zilizotafsiriwa, gigabaiti thelathini na kitu, zimefichwa kwenye saraka inayoitwa "Baiolojia".

#37 zabibu_kavu

😂😂😂 mwalimu usifute zote tuachie link

#38 Fundi_Nkuhungu

Futa mwalimu. Kisha kwa ruti andika dpkg --configure -a, subiri imalize, halafu update-initramfs -u -k all. Isipolalamika, washa upya, safari hii usiguse Shift.

#39 Kisasa_Mtandao

Wakati tunasubiri, na mimi nimejitoa mhanga. Nimeandika reboot. Siku 402 zimekwenda. Mkono ulitetemeka.

#40 Mwl_Kibaigwa

Imewaka. uname -r inatoa 3.13.0-170. Wanafunzi wamesimama mlangoni wanapiga makofi, wanadhani umeme ndio umerudi. Mmoja wao hapigi. Huyo ndiye ninayekwenda kuongea naye kuhusu Baiolojia.